Paka na panya miguuni pa Adamu na Hawa

SWALI: Kaka, ukumbini kwa parokia yetu Masasi kuna picha ya Adamu na Hawa, mistari myeusi mitupu. Juu kuna kasuku na kibao kinachoning'inia tawini. Imechorwa kwa kalamu? Na mbona paka hamrukii panya? – Msomaji, Masasi

JIBU: Dada yangu, hiyo ilichongwa. Ni kazi ya Albrecht Dürer wa Nürnberg, Ujerumani, mwaka 1504. Nimekulia Newala nikipiga msasa vinyago vya mpingo vya baba, kwa hiyo hapa niache nirefushe kidogo.

Dürer alichimba bamba la shaba kwa chuma chenye ncha kali, mstari kwa mstari. Bamba hupakwa wino, likafutwa, wino ukabaki kwenye mifereji tu. Kisha karatasi yenye unyevu hugandamizwa juu yake kwa nguvu. Picha hutoka imegeuka, kushoto kuwa kulia. Maana yake hata maneno ya kile kibao, jina lake na mwaka, aliyachonga kinyumenyume! Baba kisu kikimteleza, kinyago hubadilishwa umbo. Kwenye shaba, kufuta kosa ni kazi ngumu mno.

Paka ametulia kwa kuwa tunda bado halijaliwa, na Edeni bado ina amani. Lakini ukirudi ukumbini, tazama mkono wa Hawa ulio nyuma yake. Ameshashika tunda la pili.