"Mbele ya injini" ama "upande wa mbele wa injini"?

Kijana mmoja anayejifunza ufundi kwa gereji ya malori hapa Nakuru ameniuliza hivi: "Mwalimu, fundi aliniambia nifunge pistoni alama ikiangalia mbele. Injini ilikuwa kwa stendi na mimi nilikuwa nimesimama upande wa feni, nikazifunga zote sita alama ikiangalia mbele yangu, kumbe huko ni kwa flaiwili, lile gurudumu zito la upande wa nyuma. Alinigombeza sana na tukazitoa zote. Ni nani alikosea Kiswahili? Na ni pistoni ama mapistoni?"

Pole ndugu yangu, kutoa pistoni sita tena, vile vipande vinavyopanda na kushuka ndani ya silinda za injini, si kazi ya mchezo. Kiswahili hamkukikosea nyote wawili, ila ile sentensi ilikuwa imebakisha kitu.

Neno "mbele" lazima liwe na mwenyewe. Mbele ya nani? Nyumba iko na mlango kwa hivyo mbele yake inajulikana, lakini mti hauna mlango, ukiwaambia watu wawili wasimame mbele ya mti mmoja anaweza kwenda huku na mwingine kule na wote wako sawa. Fundi wako akisema "mbele" alikuwa anaongea mbele ya injini, wewe ukasikia mbele yako, na hapo mimi nakuelewa kabisa, manake mtu asipotaja mwenyewe msikilizaji hujiweka yeye.

Sasa injini ya lori iko na mbele yake haijalishi umeigeuza vipi kwa stendi. Kwenye feni na puli ndo mbele, kwenye flaiwili na giaboksi ndo nyuma. Lakini chunga hapo kwa "ya". Tukisema rejeta iko mbele ya injini, rejeta iko nje, haijashikana na injini. Tukisema puli iko upande wa mbele wa injini, hiyo puli ni sehemu ya injini yenyewe. Mimi ningekuwa fundi ningesema tu "alama iangalie upande wa feni", hapo hata mtu ambaye ameanza kazi leo asubuhi hapotei. "Iangalie" ni sawa kabisa, mbona tunasema nyumba inaangalia barabara. "Ielekee" pia ni sawa. Na kuna injini zingine alama inatakiwa iangalie upande wa kamshafti (ile shafti inayofungua vali), kwa hivyo mwulize fundi kitabu cha hiyo injini kinasema nini kabla hujafunga.

Hasira yake pia ilikuwa na sababu. Pistoni nyingi tundu la pini (ile inayoshikanisha pistoni na mkono wake) halikai katikati kabisa, limesogezwa kidogo upande mmoja ndo pistoni isigonge silinda ikibadilisha mwendo, na kichwani pengine kumechimbwa nafasi ya vali ama bakuli la kuchomea mafuta ambalo halikai katikati. Ukigeuza, injini inaweza kugonga, ikatoa moshi, ama vali zikapiga pistoni.

"Juu" nayo ni vilevile. Ringi, ile pete inayozunguka pistoni, ikiwa imeandikwa TOP (Kiingereza cha "juu"), hiyo "juu" ni ya pistoni, kule kichwani, si juu ya meza. Nimemwona kijana ameshika pistoni kichwa kikiangalia chini, akaivisha ringi TOP ikiangalia dari, na kwa macho yake alikuwa amefuata maagizo vizuri. Mwambie "TOP iangalie kichwa cha pistoni" na maneno yameisha. (Na ni kuvisha, pistoni inavishwa ringi kama mtoto anavyovishwa shati, ingawa "kuvalisha" pia nasikia sana na sina shida nayo.)

Kuhusu wingi, ukiandika sema pistoni hii, pistoni hizi, pistoni sita zimefungwa. "Mapistoni" naisikia kila siku kwa gereji na watu wanaelewana, lakini kwa mtihani ama kwa risiti ya mteja usiiandike.

Siku nyingine fundi akikwambia "mbele" tu, muulize hapo hapo: "Mbele ya injini ama mbele yangu, mzee?"