Mwanangu hatoki uwanjani, nimkataze mpira?

SWALI: Habari za kazi dada. Mwanangu yuko form three na mpira ndo kila kitu kwake, jioni yuko uwanjani, akirudi anaoga, anakula, analala, daftari haligusi. Baba yake anataka aache kabisa mpaka amalize form four, anasema akili yote imehamia miguuni. Mi nasikia mazoezi yanaongeza akili, sasa nani mkweli? Mama wa wawili, Morogoro.

JIBU: Mama, mzee ana hoja, ila dawa aliyochagua siyo. Mtu akikimbia damu inaenda nyingi kwenye ubongo, na mwili unatoa protini inaitwa BDNF inayosaidia seli za ubongo kukua na kushikana, hasa kwenye hipokampasi, ile sehemu inayohusika sana na kumbukumbu. Mwaka 2011 watafiti wa Marekani walitoa majibu ya wazee 120, nusu walikuwa wanatembea haraka dakika 40 mara 3 kwa wiki na nusu wananyoosha viungo tu, baada ya mwaka hipokampasi za wale watembeaji zikawa zimekua kama asilimia 2 na za wenzao zimepungua. Utasema hao wazee bwana, haya, mwaka 2014 huko Illinois wakatoka na ya watoto 221 wa miaka 7 mpaka 9, waliokuwa wanafanya mazoezi baada ya shule kwa miezi 9 wakawa wazuri zaidi kwenye kutulia na kutovurugwa na vitu vya pembeni.

Lakini kutulia siyo kujua kemia! Mpira unamwandaa kichwa, kusoma lazima asome mwenyewe, na hapo ndo mzee yuko sahihi. Sasa akirudi amechoka usimlazimishe kitabu usiku maana atasinzia tu, mwache alale mapema, saa 3 hivi, aamke saa 11 asome kabla ya shule, na siku za mitihani apunguze mazoezi, asiache.

Ninachokiogopa mimi ni vichwa. Uingereza tangu 2020 watoto wa primary hawafundishwi kupiga mpira kwa kichwa mazoezini, kwa tahadhari ya ubongo. Wako keshakua, ila akigongwa akaona kizunguzungu au akaanza kusahausahau atoke uwanjani palepale, hata kama ni fainali na kocha anapiga kelele, na mumpeleke hospitali.