Dubai Usiende Kutafuta Wabongo

Wiki iliyopita binti mmoja wa Morogoro aliniandikia. Kapata kazi ya hoteli Dubai, viza inakaribia kutoka, na swali lake ni moja tu: "Dada, Wabongo wanakaa sehemu gani huko, ili nami nitafute chumba karibu nao?"

Niliandika jibu, nikalifuta. Nikaandika tena, nikafuta. Swali lenyewe dogo, lakini limenigusa penye donda, maana ndilo nililouliza mimi mwaka 2016 kabla sijapanda ndege, na jibu nililopewa lilinigharimu akiba yote niliyotoka nayo nyumbani.

Niliambiwa Naif. Huo ni mtaa ulio Deira, eneo la biashara la Dubai, ambao watu wa Kariakoo wanaujua kuliko wanavyoijua Bagamoyo, kwa sababu ndiko wanakonunulia na kufungia mizigo yao. Na huko mtu wa kipato chetu hapangi chumba, anapanga kitanda. Chumba kimoja, vitanda vitatu vya juu na chini, wanawake sita, pazia ndiyo ukuta wako. Dada aliyenipokea alikuwa wa nyumbani, Tanga kwa Tanga, na aliniita "mdogo wangu" kabla hajaniuliza jina. Nilimkabidhi kodi ya miezi miwili mkononi. Mkataba sikuuona wala sikuuliza. Utamdaije karatasi mtu anayekuita mdogo wake?

Wiki ya tatu akaja mwenye mkataba halisi pamoja na mlinzi wa jengo. Kumbe kodi haijalipwa siku nyingi. Wote tukatolewa, mabegi kwenye ngazi. Yule dada alikuwa ameshahama, simu haipatikani, na mpaka leo haipatikani. Nasikia amejenga Kange, kule kwetu Tanga. Namtakia heri, ila bati za upande wa mbele ni zangu.

Aliyenikuta pale ngazini alikuwa mama mmoja fundi cherehani, Mhindi wa Kerala, anakaa ghorofa ya chini. Aliangalia begi, akaniangalia mimi, akashika mkono wa begi. Nililala sakafuni kwake siku 19. Asubuhi ya kwanza akaniwekea vitu vyeupe vya mviringo, laini katikati, na mchuzi wa samaki wa nazi. Yeye anaviita appam. Nikamega, nikatafuna, nikaacha kutafuna. Vibibi! Unga wa mchele, tui la nazi, vile vile kama vya bibi yangu kule Ngamiani. Hela zangu sikuwa nimezililia, lakini vile vibibi nilivililia kweli kweli, na yeye akadhani pilipili imenizidi, akakimbilia maji.

Kila mtu pale jengoni alimwita Chechi, nami nikamwita Chechi, na wiki nzima nilidhani ndilo jina lake. Kumbe kwa Kimalayalam, lugha ya kwao Kerala, ni dada mkubwa.

Hapo ndipo Dubai ilipoanza kunifungukia. Mji huu karibu watu tisa katika kila kumi ni wageni, na kila kabila la wageni limekuja na neno lake la dada na la kaka. Ofisi yetu ya mizigo iko Deira. Mhasibu ni Mfilipino, tunamwita Ate, tamka a-te, dada mkubwa huyo. Mama wa Kipakistani anayesafisha ni Baji. Mnepali wa jikoni ni Didi. Dereva wetu mzee, Mpashtuni, wale watu wa Afghanistan na Pakistan, ni Kaka, lakini msichanganye: kwao kaka ni ndugu wa baba! Mwaka mzima nilikuwa namwita baba mdogo nikidhani namwita kaka yangu, na ndiyo maana alikuwa ananiletea zabibu kila akitoka likizo.

Na sisi Waswahili tuna bahati ambayo hatuijui. Sikiliza Wahindi na Wapakistani wanavyobishana ghalani: gari wanasema gaadi, duka ni dukaan, dunia ni duniya, rangi ni rang, hesabu ni hisaab, na laki ni lakh. Nusu ya ugomvi unaelewa kabla hujafundishwa. Basi jifunze na nusu iliyobaki, unangoja nini?

Sitawadanganya kwamba ni peponi. Ofisi moja niliyoomba kazi, waliuliza pasipoti ya nchi gani kabla ya kuuliza vyeti, na mshahara ukatajwa kufuatana na pasipoti. Niliondoka miguu inatetemeka. Lakini nani aliyeninong'oneza wenzangu ofisini wanalipwa kiasi gani, nikajua cha kudai? Ate. Kwenye kikundi chetu cha Wabongo hilo halitajwi, tunatajiana bei ya tiketi na nani kaachana na nani.

Halafu chunga mdomo. Siku moja nilikuwa kwenye abra, zile boti za mbao zinazovusha watu Deira hadi Bur Dubai kwa dirham moja. Napiga simu nyumbani, nacheka, namsema mzee mmoja wa kanzu aliyekaa mbele yangu kwamba kilemba kimemshinda. Tulipofika ng'ambo akageuka taratibu: "Mwanangu, kilemba hichi nakifunga tangu mama yako hajazaliwa." Mzaliwa wa Malindi, Unguja, aliondoka mtoto mwaka 1964. Nilitamani kurukia majini. Siku hizi ndiye ninayempelekea halua Idi ikifika.

Kwa hiyo, mdogo wangu wa Morogoro, na wengine mnaojiandaa, sikilizeni. Pesa ya kitanda usitoe bila kuona mkataba uliosajiliwa Ejari, yaani daftari la serikali la mikataba ya upangaji, na jina la unayempa. Pasipoti ni yako, mwajiri haruhusiwi kuifungia kabatini. Viza ya kutembea si ya kufanyia kazi, hata aliyekupokea akiapa. Na jifunze kuwaita watu vizuri. Narudia, jifunze kuwaita watu vizuri. Acheni uvivu huu wa kuvuka bahari kisha kujifungia chumbani na watu wa mtaa ule ule mliouacha, mkila ugali mkilalamika mji hauna utu! Umemsalimia nani ukanyimwa?

Sijasema muwakimbie Wabongo. Mauti yakikufika ugenini, watakaopitisha daftari la mchango ili mwili urudi nyumbani ni hao hao, nimeshaona mara tatu na mara zote nimechangia. Ila maiti hapangi kitanda.

Chechi alirudi kwao mwaka 2021, macho yamechoka na sindano. Tunapigiana kila Ijumaa. Kiingereza chake bado ni kile kile cha maneno arobaini na Kimalayalam changu hakifiki huko, na bado tunamaliza saa nzima.

Yote haya nilimwandikia yule binti kwa urefu kuliko hapa. Jana akajibu: "Asante sana dada, nimekuelewa. Ila hao Wabongo wanakaa sehemu gani hasa?"

Naif, mdogo wangu. Ninaowajua mimi, wengi wako Naif.