Tairi za Hilux ya lami na shamba

Kaka, umesema Hilux yako inashinda kwenye lami, shamba ni wikiendi tu, na unatamani tairi za matope. Achana nazo, kwenye lami zitakupigia kelele na kuisha upesi. Chukua AT (All-Terrain, tairi za lami na njia mbovu), saizi ileile uliyotaja ya 265/65R17, ila tafuta zenye herufi LT (Light Truck, tairi za magari ya mizigo mepesi) mbele ya saizi: ubavu wake unahimili zaidi mawe na mzigo.

Kabla hujalipa, inama usome tarakimu nne zinazomalizia namba ya DOT, ile inayoanza na herufi DOT ubavuni mwa tairi. 2319 maana yake ilitengenezwa wiki ya 23, mwaka 2019. Mimi niliwahi kuuziwa "mpya" zenye miaka sita: kashata (meno ya tairi) nzima, ubavuni nyufa kama kisigino cha kiangazi. Na spea iwe saizi hiyohiyo, tafadhali.