Maswali ya Wasomaji: Fremu Mpya, Mkono Uleule

Swali: Ninatumia bunduki ya peintiboli aina ya Autococker, ya mtindo wa zamani, yenye fremu ya mpini inayoitwa 45. Baada ya saa moja uwanjani kifundo cha mkono wangu wa kulia huanza kuuma. Nimepata fremu nyingine iliyosimama karibu wima, inayoitwa 86, na aliyeniuzia amesema kwamba tofauti ya nyuzi 41 haiwezi kukosa kuonekana. Je, itaniondolea maumivu, na je, itaingia bila kazi ya ziada?

Jibu: Aliyekuuzia amelinganisha vitu viwili visivyolingana. Namba 86 kwa kweli ni pembe kati ya mpini na mwili wa bunduki, lakini 45 si pembe hata kidogo. Jina hilo limetokana na bastola ya Colt M1911 yenye risasi za kipenyo cha inchi .45, kwa sababu fremu za namna hiyo hupokea vibao vya mpini (vifuniko vya pande zake mbili) vya bastola hiyo. Mpini wa bastola yenyewe umeinama nyuzi 18 hivi tu kutoka kwenye wima, kwa hiyo unachobadilisha ni nyuzi chache, wala si 41.

Hata hivyo nyuzi hizo chache zina maana, na sababu yake ni kinyago. Mchezaji wa peintiboli hawezi kulaza shavu juu ya kitako kama mwindaji afanyavyo, kwa kuwa kinyago kinamzuia, hivyo huinua bunduki mbele ya uso, huegemeza mtungi wa hewa begani au kifuani, na hubana viwiko karibu na mbavu. Katika mkao huo mkono hutoka chini kwenda juu. Ukikunja ngumi huku kiwiko kikiwa chini, utaona kwamba kitu ulichokishika hupenda kusimama wima. Ukinyoosha mkono mbele kama mlenga shabaha wa bastola, kitu hichohicho huinama. Mpini ulioinama ukishikwa na mkono unaotoka chini hulazimisha kifundo kukunjwa kuelekea upande wa kidole cha mwisho, na kukaa hivyo kwa saa nzima kunatosha kuleta maumivu unayoyaeleza. Kwa mchezaji anayebana viwiko, basi, fremu iliyosimama ina faida ya kweli. Kwa anayependa kunyoosha mikono, fremu hiyohiyo itakuwa adhabu.

Kabla hujafungua skrubu hata moja, jaribu jambo moja: funga macho, inua bunduki hadi mahali unapoitumia, kisha fungua macho na uangalie kifundo. Ikiwa kimenyooka, tatizo lako haliko kwenye pembe. Huenda mtungi ni mfupi mno ukavuta mkono hadi karibu na kifua, au mpini ni mwembamba kiasi kwamba vidole vinazunguka hadi kuchoma kiganja. Mtungi mfupi hutibiwa kwa mtungi mrefu zaidi, au kwa kusogeza nyuma kiunganishi chake ikiwa kimewekwa kwenye reli. Mpini mwembamba hutibiwa kwa vibao vinene, na hapo ndipo fremu ya 45 inapoizidi nyingine yoyote: umbali kati ya skrubu mbili za vibao vya M1911 ya ukubwa kamili ni takriban milimita 78, na vibao vya kipimo hicho hupatikana vya mpira, vya mbao na vya plastiki, vinene na vyembamba. Mimi ningeanza na vibao. Ni kazi ya dakika tano, na ikishindikana hujaharibu kitu.

Sasa tuje kwenye kuingia. Matundu ya skrubu yakilingana, wengi hudhani kazi imekwisha, kumbe kwenye Autococker ndipo inapoanza. Jino linaloshika nyundo liko ndani ya fremu, si ndani ya mwili. Ukibadilisha fremu umebadilisha pia mahali jino linapokutana na nyundo. Jino likishika kidogo mno, bunduki inaweza kujifyatua yenyewe. Likishika kupita kiasi, kifyatulio kitakuwa kirefu na kizito. Urefu wa pini ya nyundo inayokamatwa na jino hurekebishwa kwa kipimo maalumu, wala haukisiwi kwa jicho. Zaidi ya hayo, kifyatulio cha Autococker hufanya kazi mbili katika mvuto mmoja: kwanza huachia nyundo, kisha huvuta fimbo ya mbele inayogeuza vali ya hewa ili bunduki ijikoki upya. Angalia kama fremu yako ya sasa ina kifyatulio kinachoteleza moja kwa moja au kinachobembea kwenye bawaba, kisha uangalie hiyo mpya. Zikitofautiana, fimbo ya zamani huenda isifae, na mpangilio mzima wa majira, yaani wakati wa kila moja ya kazi hizo mbili kutokea katika mvuto, utarudiwa tangu mwanzo. Ikiwa hujawahi kuipanga Autococker majira yake, mpelekee fundi anayeijua; si bunduki ya kujifunzia usiku wa kuamkia mchezo.

Toa hewa yote na uondoe mtungi kabla ya kulegeza fremu. Ukimaliza, ijaribu kwa hewa pekee bila risasi, kinyago kikiwa usoni, kisha upime kasi ya risasi zake kabla ya kuingia uwanjani.

Swali: Bunduki yangu ya peintiboli aina ya Automag imewekewa fremu yenye kifyatulio cha vidole viwili. Nikifyatua polepole inakwenda vizuri, lakini nikiharakisha boliti, kile chuma kinachosukuma risasi kwenye mtutu, hubaki mbele. Je, fremu ni mbovu?

Jibu: Huenda fremu haina kosa lolote. Kwenye Automag jino hukaa kwenye reli chini ya mwili, na fremu huleta kifyatulio pamoja na fimbo fupi inayolisukuma jino hilo. Kwa sababu hiyo Automag huvumilia fremu ngeni kuliko Autococker, lakini urefu wa fimbo hiyo lazima uwe sahihi. Ikiwa ndefu mno, jino halirudi kikamilifu kifyatulio kinapoachiwa. Haliikamati boliti vizuri, wala haliachii sawasawa pini inayofungua na kufunga hewa. Ukifyatua polepole kidole chako huipa nafasi ya kurudi, ukiharakisha, huipi. Hakikisha kwamba kifyatulio kikiwa kimeachiwa kuna ulegevu mdogo kati ya fimbo na jino. Usipouona, tafuta fimbo fupi zaidi au urekebishe skrubu ya kuzuia kifyatulio, ikiwa fremu yako inayo, kabla ya kugusa springi yoyote.

Swali: Rafiki yangu anaweza kunichapishia fremu ya plastiki yenye umbo la kiganja changu kwa mashine ya 3D. Unashauri?

Jibu: Vibao, ndiyo, bila wasiwasi. Fremu nzima, hapana. Mtungi wa hewa huning'inia chini ya mpini, na kila ukipiga goti au ukianguka uzito wote hukaza pale skrubu za kiunganishi zinapoingia, mahali ambapo tabaka za plastiki iliyochapishwa hupenda kuachana. Plastiki ya PLA inayotumika sana katika uchapishaji huo hulainika kwenye joto la nyuzi 60 hivi, joto ambalo sehemu za ndani ya gari lililofungwa juani zinaweza kulifikia. Mwambie rafiki yako achukue umbo la kiganja chako na alichapishe kama vibao vya kufunika fremu ya alumini uliyonayo.