Mkaguzi Yuko Wapi? Maswali Yenu Kuhusu Watoto wa Viwandani Uingereza

Ni kweli mashine ndizo zilizoleta ajira ya watoto?

Hapana, na swali hili linarudi kila mara. Kabla ya viwanda watoto walichambua sufu nyumbani na kufukuza ndege mashambani. Kiwanda kilileta kengele, zamu ya saa 12 au zaidi, na msimamizi asiye ndugu.

Kwenye kiwanda cha pamba mtoto alifanya nini hasa?

Mashine ya kusokota ilikuwa na kigari kirefu kilichotoka mbele kama mita moja na nusu, kikivuta na kusokota mamia ya nyuzi kwa pamoja, kisha kikarudi. Uzi ukikatika, mtoto muungaji aliinama juu ya kigari na kuzisokota ncha mbili kwa vidole kabla nafasi haijafungana. Aliye mdogo zaidi alitambaa chini ya nyuzi kuzoa vumbi la pamba; akichelewa kutoka, kigari kilimbana.

Hamkuuliza, lakini lijueni: mara nyingi muungaji aliajiriwa na kulipwa na msokotaji, si mwenye kiwanda. Msokotaji naye alilipwa kwa wingi wa uzi, kwa hiyo mtoto aliyesinzia alimpunguzia kipato. Ndiyo maana kipigo kilitoka kwa mfanyakazi mwenyewe, pengine baba mzazi. Msiishie kumlaumu aliyeshika mkanda. Mtazameni aliyepanga malipo yawe hivyo.

Sheria ilipitishwa 1802. Mbona watoto waliendelea kuumia?

Kwa sababu haikuwa na mtu wa kuisimamia. Ile ya 1802 iliwahusu wanagenzi tu, wengi wao yatima na watoto wa maskini waliotolewa na parokia (mtaa wa kanisa uliowatunza maskini wake), na ukaguzi ukaachiwa mahakimu na makasisi wa jirani. Ya 1819 ilikataza walio chini ya miaka 9 katika viwanda vya pamba, lakini haikuweka hata mkaguzi mmoja wa kulipwa. Ya 1833 ndiyo ya kwanza kuwa na meno: wenye miaka 9 hadi 12 wasizidi saa 9 kwa siku na 48 kwa wiki, na wakaguzi wanne wenye haki ya kuingia kiwandani. Wanne, kwa maelfu ya viwanda!

Kisha kukawa na tatizo la umri. Uingereza ilianza kuandikisha vizazi serikalini Julai 1837, hivyo mtoto wa kwanza mwenye cheti hicho alifikisha miaka 9 mwaka 1846. Kabla ya hapo daktari alikadiria kwa macho. Mwaka 1837 daktari wa meno Edwin Saunders alipendekeza umri upimwe kwa meno, baada ya kukagua vinywa vya watoto zaidi ya 1,000. Mnaouliza kila wiki "sheria ilisema nini", ulizeni pia umri ulithibitishwaje.

Kwa hiyo tangu 1833 hakuna aliyeajiriwa chini ya miaka 9?

Si kweli. Sheria ya 1833 ilikataza walio chini ya miaka 9, lakini viwanda vya hariri viliachwa nje ya katazo hilo, na mwaka 1844 umri ukashushwa hadi 8, kwa sharti la nusu siku kazini na nusu shuleni. Nusu siku hiyo ilifutwa na sheria ya elimu ya 1918.

Migodini je?

Julai 1838 huko Silkstone, Yorkshire, mvua kubwa ilifurika katika mgodi wa Huskar. Maji yakawabana watoto kwenye mlango wa kupitishia hewa. Wakafa 26, mdogo wao akiwa na miaka 7. Sheria ya 1842 ilikataza wanawake, wasichana na wavulana chini ya miaka 10 kufanya kazi chini ya ardhi. Wakaguzi wa kushuka shimoni walikuja 1850.

Kwa nini watoto waliendelea kupandishwa kwenye dohani ilhali brashi zilikuwepo?

Brashi ya fito za kuunganisha ilikuwepo tangu 1803. Wenye nyumba walihofia masizi yasichafue mazulia, na hawakutaka gharama ya kurekebisha dohani zenye kona. Katazo la 1840 kwa walio chini ya miaka 21 lilipuuzwa. Mwaka 1875 George Brewster, mvulana wa Cambridgeshire, alikwama ndani ya dohani akafa. Mwaka huohuo ikapitishwa sheria kwamba kila mfagiaji awe na leseni, na polisi wakapewa kazi ya kuisimamia. Hapo ndipo watoto walipoacha kupanda.