Maharage yenye jeni ya ukinzani, mbona yanaugua tena?

SWALI: Mtaalamu, nalima maharage mlimani, mkoani Mbeya. Mbegu niliambiwa ina jeni inayokinga ule ugonjwa wa madoa yenye duara la njano. Msimu wa kwanza shamba lilikuwa safi, huu wa pili majani yamejaa madoa. Jeni imechakaa, au niliuziwa feki?

JIBU: Jeni haichakai, ndugu yangu, na mbegu inaweza kuwa halali kabisa. Mwangalie bakteria kwanza.

Anaitwa Pseudomonas syringae, wa kundi la phaseolicola. Akishapenya kwenye vitundu vya jani, huzichoma seli kwa kitu mfano wa sindano na kuingiza protini za kuzima ulinzi wa mmea. Jeni ya ukinzani hutengeneza mlinzi, lakini mlinzi huyo anamjua mwizi mmoja tu. Mlinzi wa jeni iitwayo Pse-3, kwa mfano, hushtuka ikiingia protini ya bakteria iitwayo AvrPphB; isipoingia hiyo, analala usingizi.

Akishtuka, seli zilizovamiwa hujiua na bakteria anakwama hapohapo. Maabara tunachoma ganda bichi la haragwe kwa sindano yenye bakteria. Jeni ikilingana naye, kinabaki kidoa kikavu cha kahawia kisichopanuka. Isipolingana, doa linalowana na kutanuka, kama karatasi iliyofungiwa maandazi.

Sasa ujanja wa bakteria. Jeni ya AvrPphB imo kwenye kipande cha DNA chenye herufi kama 106,000, nacho kinaweza kuchomoka. Mwaka 2005 watafiti wa Uingereza walionyesha kwamba bakteria wakipitishwa mara kadhaa kwenye maharage yenye ukinzani huo, wanatokea waliokitupa kipande hicho. Mlinzi yupo mlangoni, mwizi kavua shati analotambulika nalo.

Lakini kwako nashuku jambo la kawaida zaidi: koo nyingine ya bakteria imeingia na mbegu. Koo zilizobainishwa ni tisa, na jeni moja haizizuii zote. (Duara la njano lenyewe ni kazi ya sumu yake, ambayo huitoa zaidi kwenye ubaridi, ndiyo maana ninyi wa milimani mnaliona sana.)

Mavuno ya shamba hilo kula au uza kwa chakula, usitenge mbegu, hata punje zinazong'aa, maana bakteria hujificha humo. Ukinunua nyingine, ulizia aina iliyounganishwa jeni zaidi ya moja, na iliyojaribiwa ukanda wenu wa baridi.